Wageni wanalipia simba, lakini vituko viko kwa ngiri na nguchiro

Niseme jambo ambalo madereva wenzangu hawapendi nilitaje mbele ya wateja: simba anachosha. Analala. Ukimkuta saa mbili asubuhi amelala, ukirudi saa sita yuko palepale amegeuza ubavu tu, na anaweza kulala hata masaa ishirini kwa siku. Sasa mtu ametoka Kampala usiku wa manane, kakunjwa kwenye siti barabara yote ya Mbarara mpaka Kikorongo, amelipa geti, amelipa gari, amelipa renja, anafika anapiga picha ya sikio moja lililotokeza kwenye nyasi. Na anafurahi! Anairusha status palepale kama mtandao upo.

Mimi ni mtoto wa Kasese, naendesha gari la kukodi, leo nabeba familia ya Kampala, kesho wafanyabiashara wa Bwera na Mpondwe wanaotaka kuona mbuga iliyo mlangoni kwao, keshokutwa shule. Kwa kuzunguka mbuga ya Queen Elizabeth muda wote huo nimeshachukua upande na sitoki: wanyama wenye vituko ni wale wasiolipiwa. Ni wale ambao nikipunguza mwendo ili tuwatazame mteja anagonga siti, "dereva twende, twende, hao tumewaona."

Hebu tuanze na kalooli, yule ndege anayeitwa pia marabou, maana huyo hata geti hahitaji. Kampala wamejaa kwenye taka na juu ya miti ya Makerere, na huku kwetu wako Katunguru pale wavuvi wanaposhusha samaki. Ndege wa mita moja na nusu, kipara, mdomo mrefu mzito, na mfuko wa ngozi nyekundu unaning'inia shingoni. Anasimama nyuma ya mama anayepasua ngege, haombi, hapigi kelele, sauti ya maana hana kabisa, akitaka kusema kitu anagonganisha mdomo. Anasubiri tu. Kichwa cha samaki kikitupwa anakidaka kinaenda kizima, na kama umesimama karibu unaona ule uvimbe unavyoteremka shingoni polepole, unakwama kidogo, yeye anatikisa kichwa, unaendelea na safari. Wengi wanadhani ule mfuko wa mbele ndio stoo ya chakula. Hapana, mle ni hewa, anautumia kujionyesha kwa wenzake na kupoza mwili.

Sasa tazama miguu. Utaona meupe kwenye miguu, utasema ndiyo rangi yake Mungu aliyompa. Yale ni mavi yake mwenyewe. Ngozi ya chini ni ya giza kabisa, ila jua likikaza anajinyea miguuni, makusudi, kwa mpango, yale majimaji yakikauka yanaondoka na joto na damu inayopita kwenye miguu inapoa. Kipara nacho kina kazi, mtu anayeingiza kichwa ndani ya mzoga kila siku manyoya ya nini? Joto la Kasese mnalijua wenyewe, mimi nimelala sakafuni, nimelowesha shuka, lakini huko kwa kalooli bado sijafika.

Watu wanawatukana sana hawa ndege, hasa aliyepaki gari chini ya mti wao, na namwelewa. Lakini wamejaa mjini kwa sababu taka zimejaa mjini, wao wamekuja kula tulichotupa sisi.

Ngiri sasa. Ngiri anakula amepiga magoti, miguu ya mbele imekunjwa kabisa, anatembea hivyohivyo kwa magoti akichuma nyasi fupi, na magotini ana sugu ngumu za kazi hiyo. Akikimbia mkia unasimama wima. Na akiingia shimoni kulala, shimo ambalo mara nyingi hakuchimba yeye, lilichimbwa na muhanga, anaingia kinyumenyume, matako kwanza, ili meno yabaki yametazama mlangoni. Watoto wanaingia kwanza vizuri tu kwa mbele, mama ndiye anafunga mlango kwa uso wake. Nikieleza hili kwenye gari wanaume wanacheka, wanawake wanasema huyo ana akili.

Lakini kituko chenyewe nilikiona Mweya, humohumo mbugani, nyuma ya nyumba za wafanyakazi, nimesimama nasubiri wateja wamalize chai. Ngiri jike anakuja mbio, mkia juu, nikasema huyu leo kafukuzwa na chui, kumbe mbele yake kuna kundi la nguchiro wanachokonoa udongo na ndio anaowakimbilia. Kafika katikati yao, kapiga magoti, kajiangusha ubavu puu, kafumba macho. Nguchiro wakampanda. Mmoja kaingiza pua yote ndani ya sikio, wawili wako kwenye ngozi laini ya mapajani wanang'oa kupe, unamwona kabisa kupe mnene wa kijivu anavutwa, ngozi inanyooka inanyooka, halafu inaachia ghafla, nguchiro anatafuna. Mwingine kasimama juu ya mbavu anaangalia huku na huku. Ngiri kimya, mguu wa nyuma tu umenyanyuliwa juu unatetemeka, ili wapate nafasi. Baada ya muda akajigeuza upande wa pili, wakahamia huko. Wateja wangu walipotoka na vikombe vyao walikuta vumbi.

Ni tabia inayojulikana pale Mweya, wageni wenye subira wanaiona. Kupe ni chakula kwa nguchiro na ni balaa kwa ngiri, basi biashara imeelewana.

Na hao nguchiro wenyewe, jamani. Nazungumzia wale wenye mistari mgongoni, wanatembea kundi la ishirini hivi au zaidi, wanaongea njia nzima kwa sauti ndogondogo, wanapindua kila kinyesi cha tembo kutafuta mende. Akipata yai gumu analishika kwa mikono ya mbele, anageuzia jiwe au ukuta mgongo, analirusha nyuma kupitia katikati ya miguu, paa! Likigoma anakwenda kuliokota, anarudia.

Hawa wa Mweya ni maarufu duniani kuliko mbunge yeyote wa huku. Tangu miaka ya 1990 wanafuatwa na watafiti, Michael Cant wa chuo kikuu cha Exeter kule Uingereza na timu yake, pamoja na vijana wa hapahapa ambao ndio wanaamka nao alfajiri na kuwajua mmojammoja. Ili wasichanganye nani ni nani, wananyolewa. Kila mmoja ana kiraka chake cha manyoya yaliyopunguzwa, huyu begani, yule kiunoni, kinyozi wa nguchiro ni kazi kamili yenye mshahara. Na uzito wanapima bila kukamatwa, wamefundishwa kupanda mizani wenyewe, ujira wao ni maziwa kidogo.

Yaliyopatikana kwa kunyoa na kupima huko ndiyo yananimaliza mimi. Majike wa kundi moja wanashika mimba pamoja, na mara nyingi wanazaa usiku mmoja, shimo moja, wote. Ukiuliza kwa nini unaambiwa kisa cha kutisha kidogo: jike akitangulia kuzaa, wenzake ambao bado wana mimba wanaweza kuwaua watoto wake, na akichelewa, wake watakuta wa wenzake wameshapata nguvu wanawapiga kikumbo kwenye chakula. Wakizaliwa wote usiku mmoja wanachanganyika, hakuna mama anayejua yupi ni wake, na kama hujui yupi ni wako utamuua nani? Wananyonyeshwa na yeyote.

Hapo watafiti wakaja na uchokozi. Wakachukua majike wenye mimba kwenye makundi, nusu wakawapa chakula cha ziada kila siku, nusu wakawaacha hivyohivyo. Walioshiba wakazaa watoto wakubwa, wengine wadogo. Ungetegemea mama aliyeshiba atapendelea wale wakubwa, si ndiyo? Matokeo yalitoka mwaka 2021 na ni kinyume: mama walioshiba walihangaikia zaidi watoto wadogo wa wale ambao hawakupata, mpaka wale wadogo wakawafikia wenzao. Maana kama hakuna anayejua wa nani ni yupi, mdogo kuliko wote anaweza kuwa wa kwako. Nimewahi kulieleza hili kwa mwalimu wa dini tuliyekuwa naye safarini, akatoa kalamu akaandika.

Ila usiwapende sana mapema. Kundi la nguchiro na jirani yake wakikutana wanapigana vita kabisa, wanajipanga, wanavamiana, madume wanakufa. Na anayeanzisha mara nyingi ni jike. Akifika siku zake za joto anaongoza kundi zima kuelekea mpaka wa jirani, vita vinawaka, madume wake wako mbele wanang'atana kwa ajili ya heshima ya ukoo, na yeye pembeni anapandwa na dume wa adui. Mwaka 2020 hayo yalichapishwa na yanaeleweka: katika kundi lao wengi ni ndugu, jike anatafuta damu ya nje, na gharama ya vita inalipwa na wengine. Nikifika hapa kwenye gari kuna kimya kidogo, halafu mtu wa nyuma anasema "nilijua."

Kiboko nimtaje haraka maana yeye na mimi hatupatani. Kijiji cha Katunguru usiku anapita katikati ya nyumba kula nyasi, hata kilo arobaini kwa usiku mmoja, mbwa wenyewe wananyamaza, na ameua watu wengi barani Afrika, si mnyama wa mzaha. Lakini ana mambo. Ule mwili wote na kuogelea hasa hajui, anatembea kwenye sakafu ya maji. Akisinzia majini anapanda juu kuvuta pumzi na kuzama tena bila kuamka. Mkia wake mfupi ukianza kwenda kulia kushoto wakati anajisaidia, sogeza boti, anarusha mavi pande zote kuwaambia wengine yupo. Mwaka 2022 watafiti waliwachezea viboko wa Msumbiji sauti za viboko zilizorekodiwa, wakagundua kuwa sauti ya jirani haimsumbui sana ila sauti ya mgeni ikisikika mavi yanaongezeka. Ndivyo anavyojibu simu asizozijua.

Ukitoka Kasese ukapita Fort Portal kuelekea Kampala, barabara inakata ncha ya kaskazini ya msitu wa Kibale, pale Sebitoli, na pale sokwe wanavuka lami. Watafiti walikaa wakahesabu, mwaka 2015 wakaandika kwamba zaidi ya sokwe tisa katika kumi wanatazama kulia au kushoto, au kote, kabla ya kuvuka au wakiwa wanavuka. Wakubwa wengine wanawasubiri watoto na wagonjwa. Mimi naendesha kwenye barabara za nchi hii kila wiki, na naapa bodaboda tisa katika kumi hawatazami hata upande mmoja. Hao hao sokwe wa Sebitoli wamejifunza kuiba mahindi usiku wa giza, sokwe kwa kawaida ni mnyama wa mchana, lakini mchana shambani kuna walinzi, kwa hiyo wakahamisha ratiba, wanaingia kwa kundi wanakula bila haraka. Mwenye shamba haoni cha kuchekesha na ni haki yake.

Na ndani zaidi ya msitu huohuo, Kanyawara, sokwe wasichana wanabeba vijiti. Si vya kuchokonolea wala kupigana navyo, wanavibeba tu, wanavikumbatia, wengine wanaingia navyo kitandani kwenye kiota cha mchana. Walifuatiliwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuandikwa mwaka 2010: wasichana wanafanya hivyo kuliko wavulana, na msichana akishapata mtoto wake wa kwanza habebi tena, anaacha kijiti. Sisi tulibeba migomba na magunzi ya mahindi tukayafunga vitambaa, basi.

Haya, nimemsema simba vibaya vya kutosha, kuna mmoja namwondolea lawama. Jacob. Anajulikana huku hata kwa wasiopanda gari la utalii, simba dume wa miguu mitatu, wa nne ulipotea kwa mtego wa majangili. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 yeye na ndugu yake Tibu walisimama ukingoni mwa mkondo wa Kazinga, maji yenye viboko na mamba mpaka basi, na watafiti wakiwarekodi kwa droni yenye kamera ya joto. Wakaingia, wakarudi. Wakaingia tena, wakarudi. Mwishowe wakaingia wakanyoosha moja kwa moja, karibu kilomita moja na nusu, vichwa viwili tu juu ya maji, mmoja anapiga kasia kwa miguu mitatu. Wakatoka ng'ambo.

Sasa daraja la Katunguru lipo. Mimi nalipita kila siku, na ndilo njia kavu ya kuvuka. Lakini daraja lina magari na watu, na watafiti wanaona huenda ndicho kilichowafanya wachague mamba, jambo ambalo sisi tunaopita darajani tulipaswa kulionea haya. Na walikuwa wanatafuta nini ng'ambo? Majike. Saa chache kabla walikuwa wamepigwa na madume wengine, na katika hifadhi hii simba wamepungua kwa sumu na mitego hadi jike mmoja anagombewa na madume wawili. Simba wa kawaida wataendelea kulala, sawa, lakini huyu hata akilala mwaka mzima mimi simwamshi.

Kwenye nyika za Kasenyi, huko ninakopeleka watu kutafuta simba, siri ya dereva ni kutotafuta simba. Tazama swala kobu, yule mnyama aliye kwenye nembo ya taifa pamoja na korongo. Wakisimama wote masikio mbele wanatazama upande mmoja na kupiga mluzi, elekeza gari huko. Lakini siku nyingi mimi huishia kuwatazama kobu wenyewe, kwa sababu pale Kasenyi kuna uwanja wao wa ndoa. Utaona kipande cha nyasi zilizokanyagwa na kuliwa hadi udongo, na juu yake madume wamesimama, kila mmoja kwenye kiduara chake, hatua ishirini thelathini kwa upana, hakina nyasi ya maana, hakina maji, hakina kivuli. Wanapigana mchana kutwa kulinda kitu ambacho hakiliki. Kichwa juu, pembe zimelala nyuma, akivuka mpaka wa jirani hatua moja wanagonganisha pembe. Njaa ikimzidi anatoka kwenda kula, akirudi kakuta mwingine amesimama kwake, anaanza upya. Simba nao wanajua pale kuna nyama iliyochoka.

Majike wanakuja, wanapita viwanja vya pembeni bila hata kugeuza shingo, wanaingia moja kwa moja vya katikati. Wachache wa katikati wanapata karibu ndoa zote. Sasa swali ni jike anachagua nini, pembe? misuli? Watafiti wawili, Deutsch na Nefdt, walifanya jaribio nalipenda kuliko yote, lilichapishwa mwaka 1992: walichota udongo wa juu kutoka viwanja vya madume wenye bahati, udongo uliolowa mikojo ya majike waliotangulia, wakaumwaga kwenye viwanja vya wale wasio na bahati. Majike wakahamia huko. Dume ni yuleyule wa jana aliyepuuzwa, pembe zilezile, ila kiwanja kimeanza kunukia kwamba wenzao walipita.

Hili niliwaeleza wafanyabiashara wa Bwera niliowabeba majuzi, gari limezimwa, madirisha wazi, dume mmoja amesimama peke yake pembezoni kabisa, mbali, anatazama katikati. Mama mmoja muuza vitenge akamwangalia muda mrefu.

"Dereva," akasema, "huyu wa pembeni hakuna mtu wa kumwonea huruma, amletee hata karai moja la udongo?"

Mzee aliyekaa siti ya nyuma akajibu kabla yangu. "Mama, mwache hivyohivyo. Kikianza kunukia tu, wakubwa watakuja na kusema kiwanja kilikuwa chao tangu zamani."